Aliyefungua mlango

Jumapili, saa nne usiku. Umeme umerudi sasa hivi na kwenye cherehani kuna gauni la watu halijakwisha, lakini mkono hautaki. Jambo hili nimekaa nalo kifuani karibu miezi mitatu. Juzi mtoto wa kaka yangu mwenyewe kaniambia, "Shangazi, andika. Usinitaje jina, ila andika." Basi naandika.

Alishuka kwenye basi la Dodoma Ijumaa moja jioni, katikati ya muhula. Kajifunga mtandio mpaka kwenye nyusi, na joto la Tanga mnalijua. Tulipofika nyumbani, Ngamiani, akauvua, nikakiona kichwa: upande mmoja rasta, upande wa pili nywele zimesimama, nyingine zimekatika. Alianza kuzifumua kwa vidole tangu basi lilipotoka Morogoro, kwa sababu kwenye ile picha anazo. Alidhani akizitoa, abiria hawatamtambua.

Ile picha nilikuwa nimeshaiona. Iliingia Jumatano kwenye kundi letu la WhatsApp la kikoba, wanawake 31 tunaoaminiana kwa pesa. Aliyeileta alitumiwa na mtu, na mtu huyo naye alitumiwa. Juu pameandikwa "konekisheni mpya ya chuo", kisha majina yake yote matatu na mwaka anaosoma. Kwa asiyejua: konekisheni zamani ilikuwa kujuana na mtu wa kukuingiza kazini. Leo vijana wakisema konekisheni wanamaanisha picha na video za utupu zinazozungushwa Telegram na WhatsApp, na mara nyingi mwenye picha ndiye wa mwisho kujua.

Chini yake wenzangu wameandika. "Mzazi auza shamba asomeshe, kumbe." "Si mtoto wa fulani huyu?" "Makubwa." Kuna na sauti ya sekunde 40 ambayo mpaka leo sijaifungua, kwa sababu aliyeituma najua anavyocheka.

Usiku ule nilimkalisha kwenye mkeka, mimi juu ya kigoda, nikamalizia kumfumua kwa mkia wa chanuo. Kaka alikuwa ameshapiga simu mara tatu, na neno lake ni moja: imetengenezwa. Siku hizi kuna akili mnemba, wanachukua kichwa cha mtu wanakibandika kwenye mwili wa mwingine. Familia nzima tulikuwa tumeling'ang'ania neno hilo. Na kweli mambo hayo yapo, wanawake wanafanyiwa kila siku. Nilikuwa nimebakiza rasta kama kumi hivi, akasema kwa sauti ndogo, "Shangazi, ni mimi."

Sikusimamisha mkono. Niliona nikisimama, hatasema tena. Nikashika rasta inayofuata.

Akaeleza. Kijana alikuwa mchumba, amefika mpaka kwa kaka kujitambulisha, na tulimpikia. Picha alimtumia yeye peke yake, mwaka jana. Walipoachana zikaanza meseji: rudi, la sivyo naiachia. Wiki mbili nzima mtoto anaingia darasani na meseji hizo mfukoni, hajamwambia mtu. Nikamuuliza, mbona hukunipigia? Akasema, "Mngeniuliza kwa nini nilipiga picha."

Na ndilo swali lililokuwa kwenye ncha ya ulimi wangu.

Nimelifikiria sana tangu siku hiyo. Tulivyotaka iwe imetengenezwa! Ikiwa ya uongo, tuna ruhusa ya kukasirika, kaka anaweza kusimama msikitini kifua mbele. Ikiwa ya kweli, tunainamisha vichwa, na hasira yote inamgeukia yeye. Lakini yule kijana kafanya kitu kilekile katika hali zote mbili. Katishia, kisha katekeleza. Watu 31 wa kikoba wametazama kilekile. Sasa kwa nini hukumu ibadilike kwa kuwa mwili ni wake?

Wiki zilizofuata nilijifunza namna mtu anavyoumizwa na kitu ambacho hakishikiki. Simu yake aliifunga kwenye khanga akaiweka chini kabisa ya sanduku la nguo, na bado ikitetemeka kule chini anashtuka, mimi sijasikia kitu. Alikuwa hakai barazani. Hendi dukani. Watu asiowajua walimwandikia kumuuliza bei. Nilihesabu namba mpaka 60 nikaacha. Jaribio la katikati ya muhula lilimpita. Mtu anaweza kusema, zima simu, yaishe. Alizima. Lakini picha haikuwa kwenye simu yake tena, ilikuwa kwenye simu ya muuza mihogo, kwenye simu ya kondakta, kwenye simu ya mama anayempa salamu asubuhi. Kila aliyemtazama alikuwa anajiuliza: na huyu kaiona?

Usiku mmoja aliniambia amechoka kuwepo. Hakulia, alisema tu, kama mtu anayesema amechoka kufua. Asubuhi yake nikampeleka hospitali kwa daktari wa afya ya akili, na kuanzia hapo tulilala kitanda kimoja wiki tatu, mkono wangu juu yake. Nalisema hili waziwazi kwa mzazi yeyote anayesoma: mtoto akitamka neno kama hilo, usimwambie aswali aache mawazo mabaya. Swalini pamoja, kisha mshike mkono mwende hospitali siku hiyohiyo. Kwa walio chini ya miaka 18 kuna namba 116, simu ya mtoto, inapigwa bure, na wale wanaopokea wamefundishwa kusikiliza.

Tuna methali isemayo maneno makali hayavunji mfupa. Nawaheshimu wazee, ila hii siitamki tena. Novemba 2021 Profesa Meareg Amare, mwalimu wa kemia katika Chuo Kikuu cha Bahir Dar, Ethiopia, mtu wa Tigray, jimbo lililokuwa vitani na serikali wakati ule, aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake. Kabla ya hapo Facebook palikuwa na maandishi yenye jina lake na picha yake, yakimzulia tuhuma, na watu chini wanachochea. Mwanawe, Abrham, anasema aliyaripoti na hayakuondolewa kwa wakati. Desemba 2022 yeye na wenzake wakaishtaki Meta, kampuni yenye Facebook, huko Nairobi, na Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ikasema ina mamlaka ya kuisikiliza.

Kwa nini Nairobi? Kwa sababu ndipo walipokuwa vijana wa kampuni iliyopewa na Meta kazi ya kupitia na kufuta yanayoandikwa na kurushwa kutoka nchi zetu. Mimi nilikuwa nadhani ukibonyeza "ripoti" kuna mashine inajibu. Kumbe kuna binti wa watu amekaa mbele ya kioo, analipwa kidogo, anatazama vichwa vilivyokatwa na watoto wanaodhulumiwa, saa kwa saa. Mwaka 2023 zaidi ya 180 kati yao walikwenda mahakamani, na baadaye daktari akawakuta zaidi ya 140 wana kiwewe. Yaani kitu hiki kinamuumiza aliyetukanwa, na kinamuumiza pia yule aliyeajiriwa kutuondolea. Halafu mtu aniambie ni maneno tu.

Wazee hao hao walisema pia heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Walikuwa wanatofautisha viwili. Sasa kidole ndicho kinachosema.

Jumatatu tulikwenda polisi. Askari wa kaunta, kituo sikitaji, alisikiliza nusu, akamwangalia mtoto, akasema, "Sasa binti, ulitegemea nini?" Swali lilelile la nyumbani kwetu. Nilitaka tuondoke. Ila askari mwingine, mwanamke, alitusikia, akatuingiza chumba cha Dawati la Jinsia na Watoto, akafunga mlango, akampa kiti. Hakuomba kuiona picha. Alisema, "Mimi nataka vitisho. Ile meseji ya 'rudi la sivyo', iko wapi?"

Haikuwepo. Mtoto alifuta zote. Nyingine nilimfutia mimi, kwa mikono yangu, nikidhani namwondolea sumu. Nilitamani ardhi ipasuke. Bahati nzuri rafiki yake wa hosteli alikuwa na skrinshoti nne, zina namba na tarehe, kwa sababu kuna usiku mmoja alimtumia akilia. Hizo nne ndizo zilizobeba jalada.

Kwa hiyo kabla ya kufuta, piga skrinshoti. Namba ionekane, tarehe ionekane, saa ionekane. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hiyo mahakamani. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao, ya mwaka huohuo, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumshurutisha, kumtisha, kumsumbua au kumtia fadhaa moyoni. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi 5,000,000 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Yule afande alitusomea polepole, mara mbili. Mtoto alipolisikia neno "kumshurutisha" aliinua uso. Sidhani kama aliwahi kujua kwamba alichofanyiwa kina jina, na jina lenyewe limo kwenye sheria ya nchi.

Jalada bado linatembea. Siwezi kuandika zaidi ya hapo.

Kaka yeye anasema serikali ingefunga tu hii mitandao. Namwelewa, ni baba aliyechomwa. Lakini Mei 2025 X, ile Twitter ya zamani, ilizuiwa hapa nchini, na sababu iliyotolewa baadaye ni picha za ngono. Je, konekisheni imepungua? Ipo palepale, Telegram na WhatsApp, kwenye simu za watu ambao hawajawahi kufungua X maishani mwao. Na sheria hii hii ya 2015 tumeiona ikiwapeleka mahakamani watu waliomkosoa mkubwa. Mkubwa akisemwa, simu ya msemaji inatafutwa usiku kucha. Binti akivuliwa nguo mbele ya mji mzima, anaambiwa alete ushahidi wake. Laini zetu zote zimesajiliwa kwa alama za vidole, tangu 2019 tulipanga foleni, hakuna namba isiyo na mwenyewe. Nataka bidii ileile ije na kwetu. Sitaki sheria nyingine, nataka ile iliyopo ijue njia ya kuja Ngamiani.

Kuna msaada mmoja nauandika kwa urefu, kwa sababu ungetufikia mapema tungeponea mengi. Yule rafiki wa hosteli ndiye aliyeupata. Unaitwa StopNCII, umeanzishwa na watu wa Uingereza mwishoni mwa 2021. Niliogopa, nikasema tena picha tuipeleke kwa Wazungu? Akanielewesha: picha haitoki kwenye simu. Unaichagua, na hapohapo simuni inapigiwa hesabu na kupewa alama ndefu ya herufi na tarakimu, mfano wa alama ya kidole. Alama ndiyo inayokwenda. Facebook, Instagram na TikTok wakikutana na picha yenye alama hiyo wanaweza kuizuia isipandishwe. Kwa aliyepigwa picha akiwa chini ya miaka 18 upo mwingine, Take It Down, wa Marekani, unafanya kazi kwa mtindo huohuo. Yote miwili haifiki kwenye makundi ya WhatsApp, huko hakuna mlinzi ila sisi wenyewe. Lakini siku aliyomaliza kujaza alikula wali sahani nzima. Alikuwa amefanya kitu, kwa mkono wake, na kimekubali.

Sasa nije kwa mama yangu, maana yeye ndiye aliyetutoa gizani.

Mama ana miaka 74. Alipoelezwa, alinyamaza, akauliza, "Huyo kijana kwao ni wapi?" Kwao ni Muheza. "Enzi zetu," akasema, "mtu wa namna hiyo alisutwa." Wa pwani mnajua kusutwa: wanawake wanajikusanya, wanabeba ngoma, wanakwenda mpaka mlangoni kwa aliyezusha maneno, wanamwimbia mchana kweupe mpaka majirani wote watoke. Kusuta kulikuwa na ukali wake, na wengine walihama mtaa kwa aibu. Sikutaka ngoma. Lakini kulikuwa na jambo moja ndani yake nililipenda: msutaji alikuja na uso wake, na msutwa alikuwa na nafasi ya kujibu, na swali la kwanza lilikuwa nani kasema.

Tukakubaliana twende bila ngoma. Mama, mimi, kaka, na balozi wetu wa nyumba kumi. Tulipokelewa vizuri, tukawekewa mkeka, maji yakaja. Mama wa kijana alisikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi, akasema, "Dada zangu, mwanangu kakosa. Lakini na huyo binti naye, kupiga picha ya namna ile…"

Mama yangu akaweka kikombe chini.

"Bibie," akasema, "bafuni kila mtu huvua. Wewe huvua, na mimi huvua. Sikupanda gari kutoka Tanga kuja kuuliza nani alivua. Nimekuja kuuliza nani alifungua mlango."

Hakuna aliyejibu. Baba wa kijana alifunika uso kwa kofia yake. Baada ya kitambo yule mama akaanza kulia, akaja akakaa upande wetu wa mkeka, akamshika mama magoti. Kijana hakuwepo, yuko Dar, na sijui kama machozi ya mama yake yatamfikisha popote. Ila kesho yake baba yake alimpigia kaka, akasema yuko tayari kwenda kusema polisi anachokijua. Hicho sikukitegemea.

Tukiwa kwenye daladala ya kurudi nilikuwa nawaza neno stara. Nimefundishwa neno hilo tangu nina miaka saba, nikafundisha wengine, nimewafunda mabinti wa ukoo huu nikiwa shangazi yao. Siku zote nilipolisema nilikuwa namtazama msichana: jistiri, funika, kaa vizuri. Sikuwahi hata siku moja kuligeuza upande wa pili. Na upande wa pili ndio ulio kwenye hadithi ya Mtume tunayoisikia kila mara: mwenye kumsitiri Muislamu mwenzake, Mwenyezi Mungu atamsitiri duniani na akhera. Hapo anayeambiwa ni aliyeona. Ukipita dirishani ukamwona mtu yu uchi, wewe ndiye mwenye kazi. Unageuza uso, unarudishia dirisha, na ukifika mbele ukiulizwa, hukuona kitu.

Usiku ule nilifungua simu yangu nikarudi nyuma miaka miwili. Nilikuwa nakumbuka, ila nilitaka nijionee. Ipo. Video ya msichana wa mkoa mwingine, sijui jina lake, sijui mwisho wake. Niliitazama yote. Nikaandika "makubwa haya", nikaituma kwa mashoga zangu wawili. Mmoja akajibu kwa vicheko vinne, na mimi nikarudisha vitatu. Kisha, kwa jinsi ninavyoona saa zilizoandikwa, nikaendelea kuuliza bei ya kitenge. Dakika moja haikupita. Yule mtoto naye alikuwa na shangazi mahali fulani. Labda naye alikuwa anafumuliwa nywele usiku ule. Nimemwomba Mungu msamaha, na hao mashoga wawili nimewapigia nikawaambia wafute, mmoja akafuta, mwingine akashangaa mbona nimeanza ulokole na mimi ni Muislamu. Sikucheka.

Kwenye kikoba nilisubiri Jumamosi ya kuweka hisa, maana nilitaka kusema wote tukiwa tumekaa, nyuso zinaonana. Nikasimama nikasema: yule ni mtoto wangu, picha ni yake, haikutengenezwa. Ukumbi ukawa kimya mpaka mweka hazina akaacha kuhesabu. Nikasema naomba kila mwenye nayo aifute sasa hivi, hapa, na anayetaka kuniuliza kitu aniulize mimi. Wengi walitoa simu. Wengine walitazama chini. Aliyetuma ile sauti ya sekunde 40 aliondoka kabla ya chai na wiki iliyofuata akajitoa kwenye kundi. Imepita wiki tano tangu hapo na mara moja kuna aliyeleta kipande cha video ya binti mwingine. Nilikuwa nakata kitambaa, sikuwahi kuiona. Nilipochukua simu nilikuta ilishafutwa, na chini ya alama ile ya ujumbe uliofutwa, mama mmoja ambaye sikumtegemea kabisa alikuwa ameandika: nani kafungua mlango?

Sikuwa nimewasimulia habari ya Muheza. Itakuwa mama yangu kapita mtaani.

Mtoto amerudi chuo. Chuo kimemkubalia kurudia jaribio. Hajawa sawa, anapiga simu usiku wa manane, na siku nyingine haongei, tunasikilizana pumzi tu mpaka bando linaisha. Kwa miezi yote hii hakupiga picha hata moja, hata ya kitambulisho ilikuwa shida.

Leo jioni imeingia moja kwenye simu yangu. Kaipiga kwa nyuma, kuanzia shingoni kwenda juu, uso haumo. Kasuka twende kilioni, nyembambanyembamba, mistari imenyooka. Chini kaandika, "Shangazi, zimekaa?"

Nimeikuza nikaikagua mstari kwa mstari. Nikamjibu zimekaa, ila huo wa tatu kutoka kushoto mwambie msusi kaukaza sana.